Ekses ni nini kwenye bima kubwa ya gari?

Ekses ni ile hela unayotoa mwenyewe mfukoni kampuni ya bima ndo ianze kulipa. Yaani hata kama umekata bima kubwa, ile inayotengeneza hadi gari lako mwenyewe, kipande cha kwanza cha hasara ni chako. Mimi hili neno nilikuja kulielewa nikiwa nimeshakaa ofisini kwao, bampa la nyuma linaning'inia na taa ya kulia imebaki vipande (nilirudi rivasi usiku nikagonga nguzo ya geti), picha nimepiga, fomu nimejaza, ndo dada wa pale ananiuliza "kaka, ekses yako unaijua lakini?" Nilikuwa siijui.

Mara nyingi inaandikwa kwa asilimia ya klemu (yaani hela ya hasara unayoidai kwenye bima) halafu inawekewa kiwango cha chini, na hicho kiwango cha chini ndo kinaumiza kwenye ajali ndogo. Tuseme mkataba wako unasema asilimia 10 ya klemu, isipungue laki mbili. Fundi kapiga hesabu ya bampa, taa, kunyoosha na rangi, jumla laki tatu na nusu. Asilimia 10 yake ni elfu 35 tu, ila kwa sababu haishuki chini ya laki mbili, wewe unatoa 200,000 na wao wanatoa 150,000.

Halafu kuna lile punguzo unalopewa wakati wa kukata upya kama mwaka mzima hujaklemu. Tuseme bima kubwa ya gari ya milioni 15, kwa asilimia 3.5 ya thamani yake, ni 525,000, weka VAT ya asilimia 18 inakuwa 619,500. Kama punguzo lako lingekuwa asilimia 20, ukiklemu umeikosa 123,900. Itoe kwenye ile 150,000, unabaki na 26,100, na hapo hujahesabu nauli na siku za kuzunguka trafiki, gereji, kumsubiri asesa aje aangalie gari. Kwa kugonga kwa namna hiyo mimi nakwambia mlipe fundi mwenyewe, bima iache kwa ajali inayobonda gari kweli.

Lakini hayo ni kama umejigonga mwenyewe!! Ukigongwa na mtu mwingine na kosa ni lake, unadai kwenye bima yake, hata kama ana ile ndogo tu, thedi pati, ambayo kisheria kila gari barabarani lazima iwe nayo, na kazi yake ndo hiyo, kulipa hasara ya uliyemgonga. Hapo ekses yako haihusiki kabisa. Kwahiyo asikuharakishe na "tumalizane tu hapa bosi" wakati hujui hata taa inauzwaje. Piga picha magari yakiwa palepale na namba za gari zionekane, ingiza namba yake kwenye TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima Tanzania) kwa simu uone kama bima yake iko hai, na trafiki aitwe maana bila ripoti yake kuonyesha nani ana kosa hulipwi.

Kama wewe ndo una thedi pati peke yake na kosa ni lako, gari lako halitengenezwi na bima hata kidogo, hapo habari ya ekses haipo.

Kampuni nyingine zinakuuzia nyongeza ya kuifuta ekses, uliza bei yake. Na kabla hujalipia mwambie ajenti akutajie asilimia na kiwango cha chini, halafu akuonyeshe kwa kidole ilipoandikwa kwenye mkataba. Yangu ilikuwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja, na saini yangu ilikuwa chini yake.