"Hang up": simu iliyoangikwa ukutani

Niliwahi kusahihisha kazi ya mwanafunzi wa tafsiri aliyepewa sentensi "She hung up on him." Aliandika: "Alining'inia juu yake." Kila neno alilitoa kwenye kamusi, lakini maana imempotea yote. Mwanamke yule alimkatia simu mwenzake, basi.

Simlaumu. Anayeitazama simu ya leo hawezi kuona kinachoning'inia. Inabidi turudi kwenye simu za mwanzo, miaka michache baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, Marekani mwaka 1876. Simu iliyoenea wakati huo ilikuwa kasha la mbao lililopigiliwa ukutani. Pa kusemea palikuwa kwenye kasha lenyewe. Cha kusikilizia kilikuwa kipande cha pekee, chenye waya wake, kilichoangikwa kwenye ndoano pembeni. Ile ndoano ilikuwa swichi. Ukikiondoa kipande, springi inaiinua ndoano na njia ya mazungumzo inafunguka. Ukikirudisha, uzito wake unaivuta chini, mazungumzo yanakatika na laini inabaki tayari kupokea kengele nyingine. Kwa hiyo kumaliza maongezi kulikuwa ni kuangika kitu kwa mkono, na Kiingereza kikaita tendo lile jina lake halisi: "hang up".

Baadaye zikaja simu za mezani, ambazo mkono wake unalazwa tu juu ya kitako. Sasa tunagusa alama nyekundu kwenye kioo. Kitenzi hakikubadilika.

Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo. "Simu" ni neno lililotoka Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Waya wa telegrafu ulifika Zanzibar kwa njia ya bahari mwaka 1879, na kwa miaka mingi watu wa pwani waliposema wamepata simu walimaanisha ujumbe wa telegrafu. Leo mfukoni hakuna waya wowote, na bado tunaukata kila siku.

Jambo ninalopenda wanafunzi walikazie macho ni kile kijineno "on". "He hung up" ni alikata simu. "He hung up on me" ni alinikatia simu, nami nilikuwa bado nasema. Mzigo wa uchungu ambao Mwingereza anaubebesha "on", Kiswahili kinaubebesha silabi moja ndani ya kitenzi: kata, katia. Mfasiri anayetafuta neno la kusimama badala ya "on" atahangaika bure, kwa sababu jibu liko kwenye mnyambuliko.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa zaidi. "She is hung up on him" inatofautiana na ile sentensi ya kwanza kwa "is" peke yake, lakini maana yake inakaribia kuwa kinyume: bado hajamtoa moyoni. Picha ni ya kitu kilichonaswa mahali kikashindwa kusonga. Ndiyo pia asili ya nomino "hang-up", yaani wasiwasi au jambo linalomkwamisha mtu nafsini.

Maana ya kuangika nguo imebaki palepale, haina shida. Ya kustaafu tumeshaizoea kupitia watangazaji wa mpira: mchezaji "ametundika daluga" ni "has hung up his boots" iliyohamia kwetu ikapata makazi mema.

Angalizo la sarufi: wakati uliopita wa "hang" ni "hung", ila mtu akinyongwa kwa hukumu husemwa "hanged". Kiswahili hakina tatizo hilo, kwani nyonga, angika, tundika na ning'inia kila kimoja kina kazi yake.

Na mhudumu akikwambia simuni "hang on", usikate. Anakuomba usubiri.