Si unafuata mishale tu?

Swali hili nimelijibu kwenye simu, kwenye vikundi vya WhatsApp vya parokia, na nje ya kanisa watu wakisubiri chai. Juzi limerudi tena, kutoka kwa kaka mmoja anayejiandaa kutembea Camino Primitivo, mojawapo ya njia za hija za Camino, zenye alama za mishale ya njano, kule kaskazini mwa Hispania: "Maandalizi ya nini, dada? Si unafuata mishale tu?" Akaongeza kwamba ameshatembea hadi Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, kwa hiyo habari za hija ya miguu anazijua.

Za miguu anazijua, sina ubishi. Mtu aliyetoka magharibi mwa Kenya, akavuka Malaba au Busia na kufika Namugongo kabla ya tarehe 3 Juni, ana miguu na ana moyo. Ila kwenye safari ile hakutafuta njia hata siku moja. Mbele kuna kiongozi na bendera, nyuma kuna gari la mizigo, katikati kuna rozari na nyimbo, na chini kuna lami. Ukisinzia, umati unakubeba. Primitivo unaweza kutembea asubuhi nzima, hasa nje ya msimu wa joto, ukakutana na ng'ombe, mbwa wawili na mzee mmoja mwenye reki. Hakuna wa kumfuata. Basi leo naandika mara moja, ili siku nyingine nitume kiungo nikalale.

Ya msingi kwa haraka. Primitivo inaanzia Oviedo, mji mkuu wa mkoa wa Asturias, na ni kilomita 320 hivi hadi Santiago de Compostela, kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Inapita Grado, Salas, Tineo na Grandas de Salime, inaingia mkoa wa Galicia pale mlimani Acebo, inashuka hadi Lugo yenye kuta za Kirumi, kisha inaungana na Njia ya Wafaransa, ile yenye mahujaji wengi, pale Melide. Mapokeo yanasema mfalme Alfonso wa Pili ndiye aliyeipita kwanza, karne ya 9. Ukishafika Melide, funga blogu hii na ufuate mabegi ya watu.

Sasa mishale. Ile ya njano ilianza na padre Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, ambaye mwaka 1984 alizunguka na rangi ya kuchorea barabara akiiwekea alama Njia ya Wafaransa. Wazo lake likasambaa hadi njia nyingine zote. Lakini lilisambaa kwa mikono ya watu wengi: vyama vya marafiki wa Camino, halmashauri, serikali za mikoa, na wenye baa. Hakuna ofisi moja inayokaa na ramani kubwa ikihesabu mishale.

Kila mshale, basi, ulichorwa na mtu anayeijua njia ile, na aliuchora pale alipodhani mgeni atababaika. Mwenyeji hababaiki mahali unapobabaika wewe. Tena aliuchora siku ile alipopita. Baadaye wakata miti wakaja, wakafungua barabara ya malori katikati ya mikaratusi, pana na ya kuvutia, na mti wenye mshale ukaenda kiwandani. Ndiyo maana nasema mshale unathibitisha tu kwamba uko njiani. Kazi ya kutafuta njia inabaki ni yako, kati ya mshale mmoja na mwingine.

Na kazi hiyo kubwa yake ni kuusoma ukimya. Ukiwa kwenye njia moja isiyo na matawi, kutoona mshale hakumaanishi kitu. Tembea. Ukifika njia panda isiyo na mshale, tazama kwanza nyuma ya nguzo, ukutani, kwenye jiwe la chini lililofunikwa na nyasi, na upande wa pili wa barabara, maana wachoraji wengine huweka alama baada ya njia panda. Usipoona kitu, endelea na njia ile ile uliyokuwa nayo, isiyopinda. Ukifika njia panda ya pili, nayo kimya, hapo sasa umeshatoka. Ukimya wa njia panda mbili mfululizo ni ujumbe kamili, hata kama njia unayoipita ni nzuri na inaelekea upande unaoupenda.

Kwenye vikundi ninavyoviongoza nina swali moja la kuchosha: mshale wa mwisho ulikuwa wapi? Sitaki "huko nyuma". Nataka "kwenye kona ya ghala, mkono wa kulia". Asiyeweza kujibu ameshaanza kupotea, bado hajajua tu. Na ukigundua umetoka, unarudi hadi mshale huo huo. Hukati shambani. Watu wazima, wenye shahada, hukata shambani ili wasirudi nusu kilomita, kisha wanakutana na mto.

Vitabu vinasema ukitembea dakika 15 bila alama, rudi. Mimi kanuni hiyo siiamini sana, na sina ya kuweka mahali pake. Msituni dakika 15 ni nyingi mno, na kwenye barabara ya kijiji iliyonyooka si kitu. Huwa naangalia njia panda kuliko saa, lakini najua mtu mgeni akichoka hawezi kukumbuka amepita njia panda ngapi.

Tufike kwenye kinachoniudhi hasa: kombe. Lile gamba la kombe, alama ya hija hii, la rangi ya njano kwenye kigae cha buluu, ambalo kila mtu analipiga picha. Kuna maelezo matamu yanayozunguka mtandaoni, na mapadre wameanza kuyahubiri: mistari ya kombe ni njia zote za Ulaya, zinakutana mahali pamoja, na mahali hapo ni Santiago, kwa hiyo elekea pale mistari inapokutana. Kwa mahubiri ni safi. Kwa kutafuta njia ni sahihi kwa nusu ya safari tu.

Asturias, kombe kwenye jiwe la alama kweli huonyesha uelekeo kwa upande wake mwembamba, pale mistari inapokutana. Ukivuka Acebo ukaingia Galicia, desturi inageuka: sasa ni upande mpana, mistari inapotawanyika. Mlima ni ule ule, hujaji ni yule yule, serikali ya mkoa imebadilika. Aliyeshika mahubiri atatembea kinyumenyume. Bahati nzuri, mawe ya Galicia yana mshale chini ya kombe na kibao cha umbali kinachoandika hadi mita. Fuata mshale, kombe liache. (Vibao vya umbali vingi vimeng'olewa na watu wanaotaka kumbukumbu. Hija gani hiyo inayoanza kwa wizi, sijui.) Ukikuta jiwe limeandikwa "Complementario" bila umbali, hujapotea: ni njia mbadala iliyokubaliwa, itarudi kuungana.

Hata huko Asturias, kombe lazima liulizwe limewekwa na nani. Kama liko kwenye jiwe la alama kwenye njia panda, lina kauli. Kama liko juu ya mlango wa nyumba ya wageni, ni pambo, na fundi alilibandika jinsi lilivyompendeza. Kigae kilichodondoka na kurudishwa na mwenye nyumba kinaweza kutazama popote. Kwa hiyo kwangu kombe peke yake linasema "umo njiani". Likisimama kwenye njia panda bila mshale wowote, nafuata kanuni ya mkoa, halafu natafuta uthibitisho mbele kabla sijafungua mdomo kumwambia mtu kwamba tuko sawa.

Na si kila njano ni ya hija. Njia fupi za matembezi za Hispania zina mistari miwili, mweupe na njano, na zile ndefu zina mweupe na mwekundu. Hizo ni za watu wengine wanaokwenda kwingine. Alama ya X, ya rangi yoyote, maana yake usipite hapa. Lakini geti lililofungwa halimaanishi hivyo: Asturias njia hupita malishoni, unafungua, unapita, unafunga nyuma yako. Wengi husimama pale wakidhani wamezuiwa.

Simu? Beba. Pakua ramani ukiwa bado kwenye intaneti, na tafadhali acheni kuniambia GPS haikufanya kazi kwa sababu hapakuwa na mtandao. Satelaiti haihitaji bando. Kinachokwamisha ni baridi inayokausha betri na skrini yenye matone ya mvua isiyosikia kidole. Na ule mstari kwenye ramani ulirekodiwa na binadamu. Umebeba safari yake ya kwenda baa, na huenda ulirekodiwa kabla njia haijahamishwa. Mstari na mshale vikipingana, kwa kawaida nauamini mshale, ila nakiri kuna mishale iliyochorwa na wenye baa. Huo ukiufuata utapoteza mita mia tatu na utapata kahawa.

Jua pia ni dira, lakini si jua la kwetu. Kule mchana halisimami utosini. Siku zote liko kusini. Unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi liwe mgongoni na mchana mkono wa kushoto. Angalia saa: Hispania inatumia saa za Ujerumani ilhali iko magharibi zaidi, na kiangazi jua linafika kileleni Asturias saa nane na zaidi mchana. Katikati ya Oktoba linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Wale waliozoea kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kama wakienda Namugongo, watatembea gizani kwa muda wa saa tatu hivi. Tochi ya kichwa inaonyesha mbele, na mishale mingi iko pembeni, usawa wa goti.

Limebaki lile ambalo yule kaka aliuliza mwishoni, kwa sauti ya chini: Hospitales. Baada ya Borres njia inagawanyika. Mkono mmoja unashuka Pola de Allande, kwenye maduka na vitanda. Mwingine unapanda mgongo wa milima kupitia magofu ya hospitali za kale za mahujaji, zaidi ya kilomita 20 hadi Berducedo, bila duka na bila baa. Zote mbili zinakutana Puerto del Palo, mita 1,146. Siku ya jua, Hospitales ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za Primitivo.

Siku ya ukungu ni habari nyingine. Juu kule ni majani matupu, na vijia vya ng'ombe na farasi vinafanana na njia kuliko njia yenyewe. Nguzo ipo, lakini unaiona moja tu kwa wakati. Kikundi kikikwama, mmoja anabaki kwenye nguzo, mwenzake anasogea mbele akiitikia kwa sauti hadi aione inayofuata, ndipo wengine wanasogea. Inafanya kazi, na ni taabu, na hapo mstari wa simu naupa kura kuliko macho yangu. Ukungu mzito nashuka Pola bila mjadala. Mwepesi, ule unaoonekana kama utainuka saa nne, ndio unaonisumbua. Nimeona watu makini wakiamua tofauti asubuhi moja na wote wakafika. Huwa nawauliza wenye nyumba ya wageni, natazama utabiri wa upepo, kisha naangalia ni nani kwenye kikundi amekwisha choka. Mara nyingi huyo wa mwisho ndiye anayeamua, bila yeye kujua.