"Endelevu" si "inayoendelea"

Juzi kwenye warsha ya washonaji hapa Kisumu, mwezeshaji alitufundisha kwamba biashara ya nguo ikishadumu miaka mitano, hiyo tayari ni "bunifu na endelevu". Wenzangu wakaandika. Mimi nikaweka kalamu chini.

Ubunifu endelevu wa bidhaa, kwa mkato, ni kubuni au kuboresha vazi bila kulifanya liwe sababu ya kukausha malighafi, maji au riziki ya wanaolitengeneza. Fikra hiyo ya kukidhi haja za leo bila kuwapokonya wajao ilienea kwa ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway, mwaka 1987. Basi.

Kero yangu ni neno lenyewe. Endelevu limetoka kwa endelea, na endelea kwa enda. Lakini ile -vu ya mwisho haisemi kwamba jambo linatendeka, inataja tabia. Sikia, sikivu. Tulia, tulivu. Mtoto husikia vizuri sana ukitangaza chakula kiko tayari, na bado asiwe msikivu hata chembe. Vivyo hivyo, karakana inaweza kuendelea miaka ishirini huku ikimwaga rangi mtaroni. Inaendelea; si endelevu. (Nashuku tumeharibiwa na "maendeleo endelevu": mzizi mmoja mara mbili, sikio linasinzia.)

Kuna pia wanaodhani kila kilichotokana na taka ni endelevu. Chukua ngozi ya mbuta, yule sangara mkubwa wa Ziwa Victoria. Viwanda vya samaki vikishatoa minofu, mifupa hutuuzia kama mgongo wazi, na ngozi kuna wanaoisindika iwe viatu na mikoba. Ubunifu upo, sibishi: ukiipapasa, pale magamba yalipong'olewa pamebaki vijifuko vinavyokwaruza kidole. Ila ikisindikwa kwa chumvi za kromi, kemikali za kufanya ngozi isioze, kisha maji yake yakarudi ziwani bila kusafishwa, hapo tumefanya nini? Kuisindika kwa magome ya miti yenye tanini, dawa ya asili ya kazi hiyohiyo, kuna nafuu, ingawa bado utauliza mbuta wenyewe wanavuliwaje.

Mama aliyeketi kando yangu hushona mikoba kwa jinzi za mitumba kutoka soko la Kibuye. Akaninong'oneza, aandike nini kwenye lebo?

"Andika 'umeshonwa kwa jinzi zilizokwisha kuvaliwa', mama. Hiyo 'endelevu' tuiweke kwanza, mpaka uniambie bitana na zipu unazitoa wapi."