Bakshishi ya kuruka foleni kwenye ukumbi wa poka

Bakshishi ya kuruka foleni ni pesa anayopewa mtunza orodha ya wanaosubiri kwenye ukumbi wa poka, mchezo wa karata unaochezwa kwa fedha, ili jina lako liitwe kabla ya majina yaliyokutangulia. Kule Marekani, ambako mchezo huu una kumbi kubwa na orodha ndefu, mara nyingi huwa ni noti ya dola 20 iliyokunjwa, au chipu (kile kidude cha duara kinachotumika kasinoni badala ya fedha) inayopita kiganja kwa kiganja watu wakipeana mikono, huku mtoaji akiuliza kwa upole: "Hakuna namna ya kunisogeza kidogo?" Bei haitajwi, risiti hakuna. Dakika chache baadaye jina lake linaitwa, na waliomtangulia wanaendelea kusimama.

Wapo wanaosema hiyo ni bakshishi kama nyingine yoyote, na wapo wanaosema ni rushwa. Mimi niko upande wa pili. Ila sababu inayotajwa kila mara, kwamba foleni ni foleni na iheshimiwe, naiona nyepesi. Ubaya wa jambo hili uko ndani zaidi, na huwezi kuuona kabla ya kujua ukumbi wenyewe unavyoendeshwa. (Suala la kamari kuwa halali au haramu tuliweke kando kwa leo. Msomaji anajua anaposimama.)

Poka si kama ruleti au mashine za sloti. Huchezi na kasino, unacheza na binadamu wenzako mliokaa nao, na kasino inajilipa kwa kukata kiasi kidogo cha fedha zilizowekwa kwenye kila mkono, yaani kila duru ya karata, au kwa kuwatoza wachezaji muda wanaokaa. Meza kwa kawaida ina viti tisa. Wakishajaa tisa, wa kumi anasubiri. Kila aina ya mchezo ina orodha yake: meza ya dola 1 na 3 (hayo ni madau ya lazima yanayofungua kila mkono), meza ya dola 2 na 5, meza ya Omaha, ambayo ni aina nyingine ya poka, na kadhalika. Ukifika unamwendea mtumishi aliye kaunta karibu na mlango, unataja mchezo unaoutaka, naye anaandika jina lako au herufi zake mbili za mwanzo. Zamani ilikuwa ubao mweupe na kalamu ya wino. Siku hizi kumbi nyingi zina skrini kubwa ukutani, na nyingine zinakuruhusu kuiona orodha hata kwenye simu. Mchezaji akiondoka, mgawa karata anatangaza kuwa kiti kiko wazi, na mtunza orodha anaita jina la juu. Asipojitokeza baada ya kuitwa mara mbili tatu, anafutwa, anaitwa anayefuata.

Orodha hizi zilirefuka hasa baada ya 2003, mwaka ambao Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kupitia mashindano ya mtandaoni, alishinda dola milioni 2.5 kwenye World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka mjini Las Vegas. Watu wengi waliomwona kwenye televisheni walijiambia kama mhasibu kaweza, na wao wanaweza. Kumbi zikafurika. Na penye foleni ndefu, anayeishika kalamu anakuwa mtu wa kubembelezwa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kuna meza moja ya mchezo unaoutaka, viti tisa, na kila mchezaji anakaa wastani wa saa tatu. Kiti kinapatikana kila baada ya dakika 20. Kwenye orodha kuna majina saba. Anaingia mtu wa nane, anatoa dola 20, na kiti cha kwanza kinakuwa chake. Kila mmoja wa wale saba amerudishwa nyuma kwa kiti kimoja, yaani dakika 20. Kwa jumla zimetoka dakika 140 za watu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Watakaofika baada yake hawapotezi kitu, kwa kuwa angewatangulia tu. Wanaoumia ni wale saba, na hawajui kama wameumia. Kila mmoja anadhani leo meza ina watu wasiobanduka.

Hapo ndipo noti hii inapotofautiana na bakshishi ya kawaida. Mgawa karata akikugawia vizuri, ukashinda mkono, ukamsukumia chipu ya dola moja, umetoa mfukoni mwako kumshukuru kwa kazi aliyokufanyia. Mezani hakuna aliyepungukiwa. Noti ya kaunta inamlipa mtumishi kwa kitu ambacho si chake kukiuza. Kiti ni cha kasino, na zamu, kwa ahadi ya kasino yenyewe, ni ya aliyeandikwa wa kwanza.

Ndiyo maana utetezi wa "mbona hotelini watu wanafanya hivyo" haunishawishi sana. Las Vegas kuna mtindo maarufu: unapofika mapokezi unabana noti ya dola 20 kati ya kitambulisho na kadi ya benki, kisha unauliza kama kuna chumba kizuri zaidi kilicho wazi. Nao una harufu yake, sikatai. Lakini chumba ambacho usiku huo kingelala kitupu hakina mtu aliyekwisha kusimama miguuni saa nzima akikingoja. Mfano ulio karibu zaidi ni kinyozi mkesha wa Idi. Benchi limejaa, watoto wamepangwa na baba zao, halafu mtu anamnong'oneza kinyozi na kumtilia kitu mfukoni, na anayefuata kukaa kitini ni yeye. Kama kinyozi ndiye mwenye duka, angalau atabeba lawama mwenyewe, na wateja wake watajua pa kwenda mwakani. Kama ni kijana wa kuajiriwa, ameuza muda wa wateja na jina la bosi kwa pamoja.

Hilo la kuajiriwa lina uzito kisheria pia, hata kwetu. Wengi tumezoea kudhani rushwa ni ya ofisi za serikali tu: trafiki, ardhi, mahakama. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 na Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 zinamgusa pia mwajiriwa wa sekta binafsi anayepokea chochote ili aende kinyume na wajibu wake kwa mwajiri. Sisemi mtu atafungwa kwa noti ya kaunta ya poka. Nasema umbo la tendo ni lile lile: mtumishi, tajiri wake, na mtu wa tatu anayemlipa mtumishi ili utaratibu wa tajiri uvunjwe.

Kwenye poka kuna jambo jingine ambalo foleni ya mgahawa haina, nalo ni kwamba viti havilingani thamani. Mezani kuna mtalii aliyelewa anayelipia kila mkono bila kuangalia karata zake, na kila baada ya nusu saa anatoa dola 300 nyingine. Ukumbi mzima umemwona. Kukaa naye kunaweza kuwa na faida ya mamia ya dola, na akiinuka, meza inapoa. Mchezaji wa kulipwa akiona hivyo, dola 20 au hata 100 kwa mtunza orodha ni mtaji. Hanunui kiti, ananunua mtalii. Na anayerukwa huenda ni mtu aliyekuja kujifurahisha baada ya kazi, ambaye atapata kiti chake mtalii ameshakwenda kulala. Kwa hiyo wale saba hawapotezi dakika tu.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwenye kumbi nyingi, hasa ndogo, anayetunza orodha au anayemsimamia ndiye huyo huyo anayeitwa kuamua ugomvi mezani. Karata imefunuka kwa bahati mbaya: mkono umekufa, yaani umefutwa, au uko hai? Mchezaji ameweka chipu kwa mafungu mawili: dau lake linahesabika lote au la kwanza tu? Mgawa karata anainua mkono, msimamizi anakuja, anasikiliza, anatoa uamuzi, na fedha zinahama. Kwenye mashindano, kanuni za TDA, chama cha wakurugenzi wa mashindano ya poka kilichoanzishwa 2001, zinaanza kwa kumtaka msimamizi atangulize haki na maslahi ya mchezo katika kila uamuzi. Sasa weka mezani mchezaji aliyemtia mkononi dola 50 saa moja iliyopita, dhidi ya mgeni asiyemjua mtu. Msimamizi anaweza kuwa mtu safi na akaamua sawasawa. Lakini mgeni akigundua ile noti, hataamini uamuzi ule, na hatakuwa na kosa kutouamini.

Kwa nini basi mtu ashawishike na noti ya 20? Sehemu ya jibu iko kwenye jinsi fedha zinavyogawika. Wagawa karata wa Marekani wanapata mshahara mdogo, na sehemu kubwa ya kipato chao ni bakshishi. Msimamizi analipwa mshahara, lakini kwa desturi hamegewi bakshishi hizo, hivyo inatokea mkubwa akarudi nyumbani na kidogo kuliko anaowaongoza. Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas iliamua kuwaingiza baadhi ya wasimamizi wa michezo ya mezani kwenye mgao wa bakshishi za wagawaji, na pengo hilo la kipato ndilo lililotajwa kuwa sababu. Wagawaji walikasirika, mwaka uliofuata wakapiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kesi zikaendelea kwa miaka. Kisha 2018 sheria ya shirikisho ya kazi ikarekebishwa, ikawakataza waajiri, mameneja na wasimamizi kuchukua bakshishi za wafanyakazi wao. Ni haki ya wagawaji, naikubali. Lakini msimamizi akabaki na mshahara wake, na kaunta.

Soko la siri lina tabia moja mbaya: muuzaji anafaidika bidhaa ikiadimika. Mtunza orodha anayeishi kwa noti za kuruka hana haraka ya kupendekeza meza mpya ifunguliwe, hata kama wagawaji wapo na majina yamefika 12. Foleni ikiisha, na biashara yake imeisha.

Si kila anayekupita amehonga, na hapa wageni hukosea sana. Meza ikivunjika kwa kukosa watu, waliokuwa wanacheza huwekwa mbele ya orodha. Kumbi nyingine zina meza kuu na meza ya pili ya mchezo ule ule: kiti kikipatikana kwenye meza kuu, anahamishwa mtu wa meza ya pili, na wewe unaingia pale alipotoka. Kuna ukumbi unaokubali jina kwa simu kabla hujafika. Haya yote ni halali mradi kila mtu anaweza kuyajua na kuyatumia. Hata kasino ikiamua kuuza kipaumbele waziwazi, kwa bei iliyobandikwa ukutani, nitanuna lakini sitasema nimedanganywa, maana nitakuwa nimechagua kusubiri huku nikijua.

Panaponipa shida ni kwa mzoefu. Huyu hatoi kitu akiwa kwenye foleni. Anasubiri zamu yake kama wengine, anacheza, na kila akiondoka anaacha dola 20 kaunta akisema asante. Baada ya miezi kadhaa jina lake linaanza kupanda lenyewe. Siku hiyo hakuna aliyetoa wala aliyepokea. Yeye ataapa hajawahi kuomba kusogezwa, na atakuwa anasema kweli. Naona wa kulaumiwa hapo ni mtumishi na utaratibu wa ukumbi kuliko yeye, ingawa mtu mzima anayeona anapita mbele ya watu kila Jumamosi anajua kinachompitisha.

Nchi nyingine zimelikata tatizo shinani. Sheria ya kasino ya New South Wales, Australia, inawakataza watumishi wa kasino wenye leseni kupokea bakshishi kutoka kwa wateja. Uingereza nayo iliwazuia wagawa karata kupokea bakshishi chini ya sheria ya 1968, hadi sheria mpya ilipoanza kufanya kazi 2007. Marekani haiwezi kuiga hivyo bila kupandisha mishahara kwanza, na sioni kasino ikijitolea. Kilicho rahisi zaidi ni kisanduku kimoja cha bakshishi kaunta, kinachofunguliwa mwisho wa zamu na kugawanywa sawa kwa watumishi wote wa kaunta na wahudumu wa ukumbi. Noti ya dola 20 ikigawanywa kwa watu 12, mtunza orodha anapata dola moja na senti. Sidhani kama kuna wengi watakaouza jina la mtu kwa bei hiyo.