Je, wajua kwa nini farasi jike wa ranchi hutiwa tandiko kabla ya kuzalishwa?

Kwenye ranchi nyingi za magharibi mwa Marekani, wachunga ng'ombe walizoea kupanda farasi waliohasiwa, na majike wakaachwa malishoni wazae tu. Desturi hiyo iliendana na imani ambayo hadi leo ina wafuasi: mtoto bora ni wa dume bora, jike ni mfuko wa kumbebea.

Si kweli hata kidogo. Farasi ana kromosomu 64, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na mtoto hupata 32 kwa kila mzazi. Mitokondria, zinazozalisha nishati ndani ya seli, hutoka kwa mama peke yake, ingawa tusizikuze mno kwa kuwa zina jeni 37 tu. Dume husifiwa kwa sababu ya wingi: kwa msimu mmoja anaweza kupata makumi ya watoto, na wawili watatu waking'ara jina ni lake. Jike hubeba mimba miezi kama 11, tena kwa kawaida ya mtoto mmoja.

Huo "mfuko" nao una kauli yake. Mwaka 1938, watafiti Walton na Hammond wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchanganya farasi wakubwa wa Shire na wale wadogo wa Shetland. Watoto wote walikuwa machotara nusu kwa nusu, lakini waliozaliwa na majike wa Shire walikuwa na uzito wa karibu mara tatu ya wenzao walipozaliwa. Ni kama mche kwenye chungu: mbegu ni ileile, ila chungu kikiwa kidogo mizizi hukosa pa kwenda. Mji wa mimba mdogo huwa na kondo dogo, na chakula cha mtoto hupita humo.

Sasa tandiko. Ndama akichomoka kundini, jike hodari hutega masikio, hushusha kichwa, huegemea miguu ya nyuma na kugeuka kabla hatamu haijavutwa. Ndama akinaswa kwa kamba, jike hurudi nyuma taratibu na kuikaza kamba huku mpandaji akishuka. Malishoni huyaoni hayo, wala hujui kama kwato na mgongo vitahimili kazi ya kutwa. Sehemu ya ustadi huo ni mafunzo, hairithiwi. Utulivu na wepesi wa kujifunza, hata hivyo, kwa kiasi fulani hurithiwa, na mtoto hukaa ubavuni mwa mama miezi minne hadi sita akimwiga. Kwa kuwa kila mimba hula karibu mwaka mzima, wafugaji makini humpima jike kazini kwanza, ndipo humpeleka kwa dume.