Uongozi na Sera za Elimu ya Juu: Ni Masomo ya Nini Hasa?

Mjomba wangu huendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala, na akikwama kwenye foleni ya Busia hunipigia simu kupoteza muda. Siku nilipomwambia nimeanza masomo ya uzamili alifurahi sana. Nikamtajia jina la kozi: uongozi na sera za elimu ya juu. Kimya. Halafu: "Sasa mpwa wangu, ukimaliza hiyo utakuwa nani? Daktari namjua, wakili namjua. Wewe tukuite nani?"

Sikuwa na jibu la neno moja, na bado sina. Lakini maana yake inaelezeka.

Elimu ya juu ni masomo yanayofuata baada ya sekondari: vyuo vikuu, vyuo vya ualimu, vya ufundi, vya biashara. Anayechukua kozi hii hajifunzi ili akafundishe somo fulani humo. Anakisoma chuo chenyewe, jinsi mwanafunzi wa udaktari anavyousoma mwili: kinakula nini, kinapumulia wapi, na kikiugua ugonjwa umeanzia wapi. Nani anaamua karo iwe kiasi gani? Kwa nini idara moja ina walimu kumi na wanafunzi thelathini, na jirani yake ina walimu wanne na ukumbi usiotosha? Wengi huichanganya kozi hii na uzamili wa elimu unaowaandaa wakuu wa sekondari. Ni ndugu, ila si mapacha. Mkuu wa shule anaweza kumwamuru mwalimu aingie darasani saa mbili kamili. Jaribu kumwamuru profesa.

Neno sera huwatisha watu bure. Sera ni uamuzi uliofanywa mara moja ili usifanywe upya kila asubuhi. Hapa Uganda mfano ninaoupenda ni wa namba ndogo kabisa: 1.5. Kuanzia 1990, wasichana walioomba nafasi katika chuo kikuu cha umma waliongezewa pointi 1.5 juu ya zile walizopata kwenye mtihani. Idadi yao ikapanda. Sera imefaulu, utasema. Lakini wakosoaji wakauliza: ni wasichana gani hao? Aliyesoma shule nzuri karibu na Kampala alikuwa mlangoni tayari, pointi zikamsukuma ndani. Yule wa Karamoja, mbali kaskazini-mashariki, aliyeachia masomo darasa la tano, pointi hizo aziongezee wapi? Tulikaa juma zima darasani juu ya namba hiyo moja, na hatukukubaliana.

Uongozi nao niliuelewa kazini kabla sijauelewa darasani. Mimi ni karani wa usajili katika kitivo kimoja. Chuo sitakitaja, maana bado nakula mshahara wake. Mwaka mmoja, wiki tatu kabla ya mahafali, aliingia mzee na bahasha ya kaki, kijana wake nyuma. Bahasha ilikuwa na kila kitu: risiti za benki, vibali vya mtihani, matokeo ya mihula yote. Ila somo moja la mwaka wa pili, palipotakiwa alama pana mstari tu. Marksi hazipo. Kijana anaapa alifanya mtihani, na kweli sahihi yake ipo kwenye orodha ya waliohudhuria. Mhadhiri wa somo alishaondoka nchini. Mkuu wa idara akanituma kwa mkuu wa kitivo, mkuu wa kitivo akasema aandikiwe barua mkuu wa idara. Mzee akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, hapa mkubwa ni nani?"

Kwenye karatasi, jibu lipo. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 inasema chombo cha juu cha chuo kikuu cha umma ni Baraza la Chuo. Chini yake kuna Seneti, yenye mamlaka juu ya ufundishaji, utafiti na mitihani. Alama za kijana ni mambo ya Seneti. Lakini Seneti haikai ofisini ikisubiri wazee wenye bahasha. Mwaka 1976 msomi wa Marekani, Karl Weick, alizieleza taasisi za elimu kuwa zimeungwa kwa kamba zilizolegea: ukivuta huku, kule hakutikisiki. Kulegea huko kuna faida yake, kwa kuwa idara moja ikioza nyingine zinaendelea kufundisha. Hasara yake nimeiona ikiwa imekaa mbele yangu na bahasha ya kaki. Kuijaza fomu ya alama ni utawala. Kumfanya mhadhiri, ambaye huna uwezo wa kumfukuza, aone aibu kuchelewesha alama, huo ndio uongozi, na hauandikwi kwenye fomu yoyote. Karatasi ya kijana ilipatikana baada ya majuma sita, kwenye sanduku chini ya meza ya mtu. Mahafali yalishapita.

Dhana iliyonifungua macho kuliko zote ni pembetatu ya Burton Clark, Mmarekani mwingine, aliyoieleza mwaka 1983. Anasema elimu ya juu huvutwa na nguvu tatu: dola (yaani serikali, si pesa), soko na wasomi wenyewe. Hakuna nchi iliyosimama kwenye pembe moja tu. Ichukue pembetatu hiyo uipeleke mlima wa Makerere uone inavyofanya kazi. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichopo Kampala, kilianza 1922 kama shule ya ufundi, 1949 kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na 1970 kikasimama chenyewe. Kwa muda mrefu dola ndiyo iliyolipa. Aliyeingia alilipiwa masomo, chakula na kitanda. Miaka ya 1980 mfuko ukatoboka. Mwaka 1992 mlango ukafunguliwa kwa wanaojilipia, kukawa na madarasa ya jioni, na kabla ya muongo kwisha wanaojilipia walikuwa wengi kuliko wanaolipiwa na serikali. Hapo ni soko limeingia. Idara zilizovutia wateja zikanona, zisizovutia zikakonda, na wasomi wakaanza kugombana juu ya nani agawiwe nini.

Dola haikuondoka, ilibadilisha kiti tu. Zamani Rais ndiye aliyekuwa mkuu wa Makerere. Sheria ya 2001 ilimtoa katika cheo hicho na kumwachia mamlaka ya kukikagua chuo. Mnamo Novemba 2016, wahadhiri walipogoma wakidai malimbikizo yao, ni Rais aliyetoa amri chuo kifungwe, na hakikufunguliwa mpaka Januari 2017. Mtu asiyeijua pembetatu ataona vurugu tu. Anayeijua ataona pembe zote tatu zikivutana hadharani.

Darasani kwetu kuna watu wa usajili, mhasibu, wahadhiri wawili, mkutubi, na sista mmoja anayesaidia kuendesha chuo cha wauguzi. Wahadhiri ndio walionishangaza. Mmoja ni mtu wa mimea, bingwa kabisa, aliyepewa ukuu wa idara siku moja na bajeti siku ya pili. Hakuna aliyemfundisha kusoma bajeti. Vyuo vyetu vingi huendeshwa hivyo: tunamchukua mtafiti mzuri, maabara inampoteza, na hatupati meneja. Hiyo ni sababu tosha ya masomo haya kuwapo, ingawa sidai kwamba cheti humgeuza mtu kuwa kiongozi.

Kwa kawaida uzamili huchukua miaka miwili: mwaka wa masomo (fedha za vyuo, sheria, uhakiki wa ubora, uchambuzi wa sera, mbinu za utafiti), kisha tasnifu inayosomwa na watahini wa ndani na wa nje kabla hujaitetea. Huhitaji shahada ya kwanza ya ualimu kila mahali, lakini uliza. Uzamivu ni safari nyingine, na wengi hukwama kwenye tasnifu si kwa ugumu bali kwa sababu kazi ya mchana haiwaachi.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisha kozi ina ithibati, yaani idhini rasmi ya kufundishwa, ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na angalia inaisha lini. Ithibati ina muda wake. Mwaka 2023 zilizuka kelele nchini ilipoonekana kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, muda wake umepita bila kukaguliwa upya. Mjomba alizisikia redioni akiwa Naluwerere, akanipigia saa hiyo hiyo.

"Hiyo sasa," akasema, "ndiyo kazi yako?"

"Hiyo," nikamwambia.

"Basi fanyeni haraka."