Redio ya zamani ikinyamaza, tazama mguu wa nne

Mwezi uliopita bibi mmoja hapa Wete aliniletea Philips ya marehemu mumewe, kaizungushia kanga. “Mwanangu, mafundi wawili washanambia imekufa.”

Nikafungua nyuma. Mawe yalitolewa zamani, springi safi kabisa, jambo adimu kwa hewa yetu ya chumvi. (Ukinunua redio mnadani Darajani, hapo ndipo pa kutazama mwanzo: mawe yaliyovuja yakishakula njia za shaba, una kazi kubwa.) Nikatia mawe mapya. Spika ikavuma, stesheni haikushika hata moja.

Mvumo ule ulinipa matumaini. Upande wa sauti ni mzima, ugonjwa uko kwenye kupokea mawimbi. Na hapo, redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1960 zina transista (vipande vidogo vya kukuza ishara) za jemaniamu, aina ya AF117, au ndugu zake AF114 hadi AF116. Hizi zina miguu minne. Mguu wa nne umeshikana na kikopo chenyewe cha transista na kukiunga na ethi, yaani upande wa ardhi wa umeme, ili kikinge mawimbi yasiyotakiwa. Sasa, miaka ikipita, ndani ya kikopo huota vinywele vya bati, vyembamba kuliko unywele wa mtu. Kimoja kikigusa kiini, ishara yote inamwagika ethi, redio inanyamaza.

Mafundi wengi huzing'oa zote wakatia za silikoni, aina ya baadaye. Mimi sipendi. Anayekusanya redio hizi anataka isikike kwa viungo vyake yenyewe. Nilichukua koleo ndogo nikakata mguu wa nne peke yake, transista moja baada ya nyingine. Ya pili tu, masafa ya kati yakafunguka. Kama kinywele kimegusa miguu miwili kwa pamoja, dawa hii haisaidii, hapo utabadilisha.

Wakusanyaji wakubwa huwania Regency TR-1 ya Marekani ya 1954, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani. Sina, wala sina haja nayo. Nazitaka hizi zilizokaa barazani kwetu, zikasikilizwa na mtaa mzima.

Ya bibi ina tone la rangi ya buluu kwenye mkono. Mumewe alikuwa akisikiliza taarifa ya habari huku akipaka ngalawa yake. Niliisafisha redio yote, pale sikupagusa.